Dripu ni Dawa, Iandikwe Kama Dawa

Ndugu anapoingia wodini saa ya kuona wagonjwa, macho yake hutafuta kwanza chupa inayoning'inia juu ya kitanda. Akiiona, moyo wake hutulia, maana mgonjwa wake anahudumiwa. Asipoiona, manung'uniko huanza, na muuguzi wa zamu huyajua maneno yake kabla hayajatamkwa: "Tangu jana mgonjwa wetu hajatundikiwa hata dripu moja." Haijalishi kwamba mgonjwa huyo anakunywa uji, anakojoa vizuri na amekwisha kumeza dawa zake. Machoni pa wengi, asiye na dripu hajatibiwa.

Imani hiyo haikuzuliwa na wagonjwa peke yao. Imelelewa na watoa huduma. Yupo tabibu anayemtundikia chupa mtu aliyechoka na safari ili tu aondoke ameridhika. Lipo duka la dawa ambalo huwa na kitanda cha pembeni kwa kazi hiyo, na kipo kituo ambacho hesabu yake ya jioni hunona kwa kila chupa iliyotundikwa mchana. Lakini kosa lililo kubwa kuliko yote haya limo katika neno lenyewe. Daktari anayeandika dawa ya kuua vijidudu hutaja jina lake, kipimo chake, njia ya kuitoa na siku za kuitumia. Daktari huyohuyo akifika kwenye dripu huandika "apewe maji, chupa tatu", akafunga faili na kwenda kitanda cha pili. Maji gani? Kwa muda gani? Kwa sababu ipi? Yasimamishwe lini? Mambo hayo huachiwa muuguzi, naye huyaachia bahati.

Kilichomo ndani ya chupa kinastahili heshima zaidi ya hiyo. Chupa ya nusu lita ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani vijiko vya chai vitano au sita. Nguvu itokayo humo haifiki hata kilokalori 100. Mtu anayekwenda kuwekewa dripu "ya kuongeza nguvu" angepata zaidi katika kikombe kikubwa cha uji wa maziwa na sukari, tena bila kutobolewa mshipa. Kwa upande wa pili, lita moja ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ina gramu 9 za chumvi. Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Mgonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu, ambaye kliniki imemkataza hata kuongeza chumvi kwenye ugali na mchuzi wake, akipewa lita mbili kwa kuwa "amedhoofu" hupokea gramu 18 kwa mkupuo mmoja, na hakuna anayeona kwamba agizo la kliniki limevunjwa.

Tofauti ya aina hizi mbili haiishii kwenye ladha. Maji ya chumvi yakiingia mshipani, karibu robo yake ndiyo hubaki ndani ya mishipa ya damu, na sehemu iliyosalia huvuja na kukaa nje ya seli. Maji ya sukari yana mwenendo mwingine kabisa. Mwili huichoma sukari ile, na kinachobaki ni maji matupu yasiyo na chumvi, ambayo husambaa kila mahali, ndani ya seli na nje yake, hata katika kila lita moja zibaki mililita 80 hivi tu ndani ya mishipa. Kwa hiyo mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua, akitundikiwa maji ya sukari kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu, hajaongezewa mzunguko wa damu kwa kiasi cha kumfaa, ingawa chupa inaonekana ikishuka na ndugu wanaridhika.

Hatari iliyofichika zaidi, na inayostahili kusemwa kwa kirefu, ni ile ya watoto. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Marekani, Malcolm Holliday na William Segar, walitoa hesabu rahisi ya kukadiria maji anayohitaji mtoto kwa siku: mililita 100 kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza, 50 kwa kila kilo katika 10 zinazofuata, na 20 kwa kila kilo ya ziada. Hesabu hiyo imesomwa na kila mwanafunzi wa udaktari, na bado ina manufaa. Pamoja nayo ulienea mtindo wa kutumia maji yenye sukari na chumvi kidogo sana. Kilichosahauliwa ni kwamba mtoto mgonjwa hayatumii maji kama mtoto mzima wa afya. Maumivu, kutapika, upasuaji, nimonia na homa ya uti wa mgongo huufanya ubongo utoe kwa wingi homoni inayoziamuru figo zishikilie maji. Figo hutii. Maji matupu yanayoendelea kuingia kwa dripu hayana pa kutokea, nayo sodiamu katika damu, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, hushuka. Maji huingia ndani ya seli nazo huvimba. Seli za mguu zikivimba kuna nafasi. Seli za ubongo zimezungukwa na fuvu.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kisha degedege. Katika nchi zenye malaria, mtoto aliyeingia na homa akipata degedege siku ya pili, mawazo ya kila mtu hukimbilia malaria iliyopanda kichwani. Nani atakumbuka kuitazama chupa? Kipimo cha sodiamu hakipo katika vituo vingi vya ngazi ya chini, na kwa hiyo kifo kama hicho huweza kuandikwa kwa jina la ugonjwa alioingia nao.

Wala jambo hili si la hospitali maskini peke yake. Huko Ireland ya Kaskazini iliundwa tume ya uchunguzi mwaka 2004 kuhusu vifo vya watoto vilivyohusishwa na kushuka kwa sodiamu wakiwa hospitalini, na ripoti yake ilitoka Januari 2018, ikiwa na maneno makali kwa waliohusika na utunzaji wao. Kabla ya ripoti hiyo, mwaka 2007, wakala wa usalama wa wagonjwa nchini Uingereza ulikuwa umetoa tahadhari ili maji ya sukari ya asilimia 4 yenye chumvi ya asilimia 0.18 yaondolewe katika wodi za kawaida za watoto. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kilielekeza kwamba watoto wenye umri kati ya siku 28 na miaka 18 wanaohitaji dripu ya kuwaendesha wapewe maji yenye chumvi inayolingana na ya damu, pamoja na sukari na potasiamu kadiri inavyofaa. Wodi inayoendelea kumwekea mtoto wa miaka mitano maji ya sukari matupu usiku kucha inafanya jambo ambalo wenzetu waliacha baada ya kuzika.

Kuna wanaodhani kwamba ukishachagua maji yenye chumvi ya kutosha, wingi wake hauna neno. Dhana hiyo ilijibiwa hapahapa Afrika Mashariki. Utafiti uliojulikana kwa jina la FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland, ulifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa: wengine walipewa maji kwa kasi, ya chumvi au ya albumini, na wengine hawakupewa maji ya kasi, bali walipata dripu ya taratibu na matibabu mengine yote sawa na wenzao. Waliobuni utafiti walitarajia maji ya kasi yaokoe, kwa kuwa ndivyo vitabu vya nchi tajiri vilivyofundisha. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Baada ya saa 48, asilimia 10.6 ya waliopewa albumini walikuwa wamefariki, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya kasi. Katika kila watoto 100, watatu zaidi walikufa kwa sababu ya tiba iliyokusudiwa kuwaokoa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vifo hivyo vya ziada havikutokana hasa na maji kujaa mapafuni, kama wengi walivyobashiri, bali na kuporomoka kwa mzunguko wa damu wenyewe.

Miaka sita baadaye habari kama hiyo ilitoka Lusaka. Watu wazima 209 wenye maambukizi makali na shinikizo la damu lililoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, waligawanywa kati ya mpango wa maji mengi ya mapema na matibabu ya kawaida. Katika kundi la maji mengi walikufa asilimia 48.1, katika kundi la kawaida, asilimia 33.0.

Matokeo hayo yana uzito wa pekee kwa msomaji wa ukanda huu, kwa sababu wagonjwa waliohusika ni wa kwetu: wenye malaria, wenye upungufu mkubwa wa damu, waliofika wamechelewa, na waliolazwa mahali pasipo na mashine ya kupumulia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake na kuagiza kwamba hata mtoto mwenye mshtuko kamili apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo katika muda wa dakika 30 hadi 60, huku akiangaliwa. Na aliye na dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu asimiminiwe maji kwa kasi. Hata hivyo, mazoea hayafi kwa waraka. Bado yuko anayefungua mpira wa dripu mpaka mwisho kwa sababu mikono ya mtoto ni ya baridi.

Hapa lazima hoja ishikwe kwa uangalifu, maana woga nao unaua. Utafiti wa FEAST haukuwahusu watoto wenye kuharisha, wala haukuwahusu wenye utapiamlo mkali. Mgonjwa wa kipindupindu aliyepoteza maji hata mapigo ya mkononi hayashikiki atakufa kwa saa chache akinyimwa dripu. Kwake kipimo ni mililita 100 kwa kilo za maji ya Ringer, au ya chumvi yale yasipopatikana. Kwa mwenye umri wa mwaka mmoja na kuendelea, mililita 30 kwa kilo za kwanza huingizwa katika nusu saa, na 70 zilizobaki katika saa mbili na nusu. Mtoto aliye chini ya mwaka hupewa kiasi hichohicho kwa saa moja, kisha saa tano. Mama anayetoka damu anahitaji maji ya chumvi au ya Ringer kwa haraka wakati damu ikitafutwa. Mtoto mwenye malaria kali ambaye sukari yake imeshuka chini ya milimoli 2.5 kwa lita anahitaji sukari papo hapo, mililita 5 kwa kilo za maji ya sukari ya asilimia 10. Maji ya asilimia 5 yanayodondoka taratibu hayatamfikia kwa wakati. Anayeyajua haya haogopi dripu, wala haitundiki kwa mazoea. Kwake swali la kwanza ni ugonjwa gani ulio mbele yake.

Na kwa wengi wenye kuharisha, jibu halipo kwenye mshipa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Dk. Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India. Akachanganya chumvi na sukari kwa ajili ya kunywa, akawafundisha jamaa za wagonjwa kuwanywesha, na vifo vya kipindupindu, vilivyokuwa karibu asilimia 30, vikashuka chini ya asilimia 4. Leo pakiti ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita, pamoja na viungo vingine viwili. Ni sukari na chumvi zilezile zinazotafutwa kwenye chupa, ila hapa mwili una mlango wake wa kukataa: aliyeshiba maji huacha kunywa. Mshipa hauna namna ya kukataa.

Ubaya huo wa mshipa huonekana wazi zaidi katika hesabu ya matone. Seti ya dripu ya watu wazima kwa kawaida hutoa matone 20 kwa kila mililita. Lita moja ikikusudiwa kuisha kwa saa 8, matone yawe 42 kwa dakika, na muuguzi ayahesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde. Wodini hesabu hiyo mara nyingi hufanywa kwa jicho, kisha mgonjwa akigeuza mkono kasi hubadilika bila mtu kujua. Kwa mtu mzima mwenye figo na moyo imara, kosa hilo hupita. Kwa mtoto wa kilo 10, ambaye damu yake yote ni mililita 800 hivi, chupa moja ya nusu lita iliyofunguka usiku ni zaidi ya nusu ya damu aliyo nayo. Kwa hiyo lile chombo dogo lenye alama, linalopimwa maji ya saa moja tu na kutoa matone 60 kwa mililita, lisihesabiwe kuwa anasa katika wodi ya watoto. Pale ambapo halipo, muuguzi mzoefu humwaga kwanza maji yasiyohitajika na kutundika kile tu ambacho mtoto anaweza kukipokea hata kikiingia chote. Ni njia ya zamani, haina gharama, na ingefaa kufundishwa kwa bidii kuliko inavyofundishwa sasa.

Wajawazito nao wana hesabu yao. Mwenye dalili za kifafa cha mimba ana mishipa inayovuja, na mapafu yake hujaa maji kwa urahisi. Jumla ya maji yake yote kwa saa, pamoja na yale yanayobeba dawa, yasizidi mililita 80 hivi, isipokuwa anapotoka damu. Aliyewekewa oksitosini kwa muda mrefu ndani ya maji ya sukari huingia katika hatari ileile ya watoto, kwa kuwa dawa hiyo, ikizidi, huziamuru figo kushikilia maji. Kuna na mambo madogo ambayo huua kwa ukubwa: potasiamu kali isiyochanganywa ikisukumwa moja kwa moja mshipani husimamisha moyo, maji ya Ringer yenye kalsiamu hayapaswi kukutana na dawa ya seftriaksoni katika mpira mmoja, hasa kwa watoto wachanga, na damu haipitishwi kwenye mpira wenye maji ya sukari. Mnywaji wa pombe wa miaka mingi aliyedhoofu apewe vitamini B1 kabla ya sukari au pamoja nayo, akili yake isije ikaharibika kwa tiba.

Daktari Thomas Latta wa Leith, Scotland, ndiye aliyetia maji ya chumvi mshipani mwa wagonjwa wa kipindupindu mwaka 1832. Mgonjwa wake wa kwanza, mwanamke mtu mzima aliyekwisha kukatiwa tamaa, alifufuka machoni pake: uso ukarudi rangi, mapigo yakashikika. Latta akamwacha mikononi mwa mwenzake akaenda kupumzika. Kuharisha kukarudi, maji hayakuongezwa, na baada ya saa chache mwanamke yule akafa. Takriban karne mbili baadaye, wodi nyingi zinaendelea kutenda kama usiku ule: dripu hutundikwa kwa shangwe na kuachwa bila mwangalizi.

Hoja ya makala haya, basi, ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitekeleza. Agizo la dripu liandikwe kama agizo la dawa: aina ya maji kwa jina kamili, kiasi kwa uzito wa mgonjwa, muda, sababu, na saa ya kumtazama tena. Agizo lisilo na mambo hayo muuguzi awe na haki ya kulirudisha, na daktari asilichukulie kuwa ni utovu wa adabu. Kila asubuhi daktari aulize kama dripu bado inahitajika, kama anavyouliza kuhusu dawa nyingine, na mgonjwa anayeweza kunywa aondolewe kanula, kwa sababu kanula isiyo na kazi ni tundu la vijidudu.

Pingamizi linajulikana. Muuguzi mmoja, vitanda arobaini, usiku wa manane. Nani atahesabu matone na kupima mkojo? Pingamizi hilo ni la kweli, na halijibiwi kwa mahubiri. Lakini linaelekea upande ule ule: palipo na watu wachache wa kuangalia, dripu chache zitundikwe, na zile zilizo za lazima ndizo zipewe macho yaliyopo. Mama anayekesha na mtoto wake naye ana macho. Akielezwa kwa lugha yake kwamba chupa ikifika alama hii amwite muuguzi, na kwamba mtoto akianza kupumua kwa haraka, kuvimba kope, kusinzia kupita kawaida au kutapika upya aite hapohapo bila kuogopa kukemewa, ataita. Na aliyezoea kuuliza kwa nini mgonjwa wake hana dripu, afundishwe kuuliza kuhusu ile aliyo nayo: ni maji gani, ni ya nini, na yataondolewa saa ngapi.